Herufi Moja Juu ya Mlango

Jepkemboi ndiye aliyemwonyesha Zipporah ile picha, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kilimo hapo Bukura, msichana mpole kutoka upande wa Nandi, aliyezoea kupita dukani asubuhi kutoa kopi za noti za masomo kabla ya kipindi cha kwanza. Siku hiyo alisimama kwenye kaunta akingoja mashine ipate moto, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, kuna kitu nataka kukuonyesha, lakini usinikasirikie mimi."

Zipporah alidhani kopi za jana zilitoka na madoa. Akajifuta mikono kwenye leso yake, akaipokea simu.

Ilikuwa picha ya duka lake. Bango lilionekana vizuri, herufi nyekundu juu ya rangi nyeupe: NASAMBU STATIONARY. Chini ya bango alikuwa yeye mwenyewe, ameinama, mgongo kwa mpiga picha, anafagia kizingiti. Juu ya picha mtu alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba hili ndilo duka lisilosogea, na kwamba hata mwenye duka hasogei. Chini yake watu walikuwa wamecheka, kila mmoja kwa zile nyuso za manjano zinazotokwa na machozi.

"Wanacheka nini?" Zipporah aliuliza.

Jepkemboi akaweka kidole kwenye kioo cha simu. "Ni hii A, mama. Ile ya kalamu na karatasi inaandikwa kwa E, hapa karibu na mwisho. Ukiweka A inakuwa kitu kilichosimama mahali pamoja, kama lori lililoharibika barabarani. Lakini ukizitamka ni sawasawa, huwezi kuzitofautisha kwa sikio. Hata mimi nilikuwa sijui mpaka jana, ilipopitishwa darasani kwetu."

"Ilipitishwa darasani kwenu."

"Ilitoka kwa kundi lingine. Wanasema ilianza na walimu wa hapo sekondari."

Zipporah alikuwa ameona kitu kingine. Kwenye pembe ya chini ya picha kulikuwa na kipande cha kioo cha pikipiki, na shingo ya kioo hicho ilikuwa imefungwa kwa utepe wa mpira mweusi uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Utepe huo aliufunga yeye, kwa mikono yake, siku kioo kilipolegea na mume wake akawa anachelewa kazini.

Akamrudishia msichana simu. Akatoa kopi zake zote, akazipanga, akazibana pini. Jepkemboi alipotaka kulipa, Zipporah alimwambia aende tu asichelewe.

Mume wake aliitwa Lusweti. Alifundisha Kiingereza katika shule ya wavulana iliyokuwa mbele kidogo ya chuo, na alikuwa mkuu wa idara ya lugha. Mjini Bukura watu walimwita Mwalimu tu, kana kwamba hakuna mwingine. Zipporah alikuwa ametoka Lugari, kwenye familia ya wakulima wa mahindi, na shule yake iliishia kidato cha pili baba yake alipougua. Alikuwa ameuza mayai, akauza mitumba, akaosha nguo za wahadhiri wa chuo. Duka hili lilikuwa kitu cha kwanza alichokianzisha akakiita kwa jina lake la nyumbani, Nasambu. Alikuwa amelilia kwa miaka, na Lusweti hakuwahi kumpinga. Ukweli ni kwamba hakuwahi kumpinga kwa jambo lolote kubwa. Kazi yake ilikuwa kumsahihisha kwa madogo.

Zipporah akiandika ujumbe wa simu kwamba atarudi wiki ijayo, akakosea akaandika "weak", jibu lingekuja kabla hajaweka simu chini: "week". Neno moja, na kinyota mbele yake, jinsi walimu wanavyofanya. "Hear", "here". "Their", "there". Maneno yaliyofanana mdomoni kama mapacha, na yeye peke yake, ilionekana, ndiye asiyeweza kuyatofautisha. Mara nyingi alicheka naye. Wakati mwingine alinyamaza.

Mpaka mwaka juzi, alipokuwa Lugari hospitalini na mama yake akakata roho. Hakuweza kuongea. Akaandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha waliyozoea kuandikiana: "My mother has past away." Simu ikalia papo hapo. "Passed", na kinyota. Halafu, baada ya muda kidogo, "Pole sana mpenzi. Nakuja."

Alikuja kweli. Alibeba jeneza, alilia kaburini kuliko ndugu wa marehemu. Lakini waliporudi nyumbani Zipporah alimwambia, bila kupaza sauti, asimsahihishe tena maisha yake yote. Naye Lusweti aliinamisha kichwa akasema amesikia.

Sasa alisimama nje ya duka akitazama juu. Herufi ilikuwa pale pale, kubwa, nzuri, imechorewa kivuli. Neno lile alikuwa amelinakili mwenyewe kutoka kwenye bango la duka moja alilopita Shianda, akaliandika kwenye kipande cha katoni, akampa fundi. Kosa lilikuwa lake. Hilo alilijua, na kulijua hakukumpunguzia chochote. Kulimzidishia.

Akafunga mlango, akatia kufuli, akashika njia ya shule kwa miguu.

Mlinzi wa lango alimfungulia bila kumuuliza. Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, na wavulana walikuwa wametapakaa uwanjani. Zipporah alikuwa amepanga kumwita mume wake nje, chini ya ukuta wa maabara, amwambie yale ya kumwambia, aende zake. Hivyo ndivyo alivyopanga tangu alipovuka daraja hadi alipofika kwenye mlango wa chumba cha walimu.

Lusweti alikuwa karibu na dirisha, kikombe cha chai mkononi, anasimulia kitu. Wenzake walikuwa wamemzunguka wakitabasamu kabla hajafika mwisho, maana alikuwa mtu wa kuchekesha. Alipomwona mke wake mlangoni, tabasamu lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

"My dear," alisema kwa Kiingereza, sauti yake ya kazini, kama anayempokea mgeni wa heshima. "To what do we owe this honour?"

Mtu mmoja akacheka puani. Labda hakumcheka yeye. Labda alikuwa anapuliza chai. Lakini Zipporah alisikia, na ile mipango ya ukuta wa maabara ikaisha hapo.

"Kiswahili kinatosha," alisema. "Nimekuja kuuliza nani alipiga picha duka langu."

Naibu wa mwalimu mkuu, bwana mmoja mnene aitwaye Khisa, aliweka andazi chini, akafuta vidole.

"Karibu mama, keti," alisema. "Ile ilikuwa utani tu wa sisi wenyewe. Kiingereza ndicho kilichotuchekesha, si wewe."

"Basi mngepiga picha Kiingereza. Mbona mmepiga mgongo wangu?"

Lusweti alikuwa ameshusha kikombe. "Mama Beverlyne," alisema, sasa kwa Kiswahili, kwa jina la binti yao, kwa upole, kama anayemwita mtu kutoka kwenye ukingo wa shimo. "Tutoke nje tuongee."

"Nimeuliza nani alipiga."

"Tutoke nje."

"Mimi nilicheka," alisema mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa kwenye kona na rundo la madaftari. Aliitwa Moraa, alifundisha kemia, na alikuwa mteja wa dukani. "Ilikuja kwenye kundi letu, nikacheka kabla sijatazama vizuri ni nani. Nilipojua ni wewe nilimwambia aiondoe. Naomba unisamehe, dada."

"Ulimwambia nani?"

Moraa akamtazama Lusweti, halafu akatazama madaftari yake.

Zipporah alikuwa anajua tayari. Lakini kuna kujua peke yako, na kuna kujua mbele ya watu ambao wamejua siku nyingi kuliko wewe. Watu hawa walikuwa wamekuja dukani kwake kununua kalamu nyekundu. Walikuwa wamesimama chini ya lile bango, wakasema habari ya asubuhi, wakalipa, wakaondoka. Hata mmoja hakunyoosha kidole juu. Alihisi uso wake ukiwaka hadi masikioni.

"Sawa," alisema. "Mnapenda kucheka. Basi niwape kingine. Huyu mwalimu wenu wa Kiingereza, mwulizeni alivyokuwa akiitwa chuoni."

Lusweti alisogea hatua moja. "Zipporah."

"Mwulizeni. Alisimama kwenye foleni ya chakula akaomba 'lice' na maharagwe, kwa sauti kubwa, kama kawaida yake. Chawa na maharagwe, badala ya wali. Ulimi wa kwao Matungu haukuwa umetenganisha L na R. Mpaka anamaliza masomo walimwita Mister Lice. Aliniambia mwenyewe. Alikuwa akijifungia chooni na kioo, anajifundisha kusema 'rice', 'rice', 'rice', mpaka wenzake wanagonga mlango."

Kicheko kililipuka. Walijaribu kukizuia, wakashindwa. Khisa ndiye aliyecheka kuliko wote, tumbo likitikisa meza, na mwalimu mmoja kijana akageukia ukuta mabega yakimruka. Mtu akarudia "Mister Lice" taratibu, kama anaonja utamu wake.

Zipporah akamtazama mume wake. Lusweti hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso ambao yeye alikuwa hajauona, uso wa kijana aliyeshika sahani tupu. Macho yake hayakumtazama yeye wala wenzake. Yalikuwa chini, mahali fulani karibu na viatu.

Lusweti alikuwa amemsimulia habari hiyo kabla hawajaoana, wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa shamba la miwa la baba yake, na alipomaliza alikuwa amemwomba asimwambie mtu.

Zipporah alitoka bila kuaga. Nyuma yake kicheko kilikuwa kikiendelea, kikififia, kikianza upya. Alitembea kwa kasi akipita wavulana, akipita mlinzi, na njiani aligundua kwamba hakuwa amepata alichokifuata. Alikuwa na hasira na Lusweti kama alivyokuja nayo. Juu ya hayo sasa alikuwa na hasira na Khisa, na lile tumbo lake, na wale wote waliocheka kwa urahisi hivyo, kama watu wanaotoa kamasi. Walikuwa wamemcheka yeye, wakamcheka Lusweti, na kesho wangemcheka mwingine. Na alikuwa na hasira na mdomo wake mwenyewe. Alipofika dukani alijaribu ufunguo mara mbili kabla haujaingia kwenye kufuli.

Alasiri alimpigia simu Sylvanus, fundi aliyeandika bango. Sylvanus alikuja na baiskeli yake, makopo ya rangi yakigongana kwenye kikapu. Alisimama akatazama juu, akakuna kidevu.

"Mama, mimi nilinakili ulivyonipatia kwa katoni," alisema. "Mimi huandikanga vile mtu amenipatia. Siongezi, sitoi."

"Sikulaumu wewe, fundi. Nataka ulirekebishe."

"Hiyo ni kazi ndogo. Nitafunika hiyo A na nyeupe, ikauke, niweke E." Akasita. "Lakini nilidhani ni sawa kabisa. Maana mwalimu mwenyewe aliliona likiwa bado chini kwa nyasi. Mimi nikishamaliza huulizanga watu waangalie, kwa sababu rangi ikishakauka ni shida. Nikamwuliza, Mwalimu, hapa kuko sawa? Akaangalia, akacheka kidogo, akaniambia endelea fundi, andika ulivyopewa."

"Alicheka."

"Kidogo tu."

Zipporah aliikumbuka siku hiyo. Yeye alikuwa ndani anapanga rafu. Lusweti aliingia, akamshika begani, akasema, "Bango lako limependeza." Naye alifurahi. Alifurahi sana hata akampikia kuku jioni, ingokho nzima na obusuma, ugali wa kwao, wakala wakiongea habari za duka mpaka chakula kikapoa.

"Njoo kesho," alimwambia Sylvanus. "Leo liache hivyo."

Lusweti alirudi jua likiwa bado halijazama. Aliegesha pikipiki chini ya mparachichi, akaketi kwenye ngazi ya nyumba bila kuvua viatu. Zipporah alikuwa anachambua mboga uani. Kuku wakapita kati yao.

"Umeniaibisha mbele ya wenzangu wa kazi," Lusweti alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Kile kitu nilikuambia wewe peke yako. Hata mama yangu hakijui."

"Najua. Nimekosa kwa hilo. Sikupaswa kukisema na hakitafutika. Nakuomba radhi kwa hilo." Alikata shina la mboga kwa kisu. "Sasa tuongee lako."

"Mimi nimeshaifuta ile picha."

"Umeifuta kwako. Iko chuoni. Jepkemboi ndiye aliyenionyesha, mtoto wa watu, akiniogopa."

Lusweti alijipangusa uso kwa kiganja. "Ilikuwa kundi la walimu wachache, watu sita. Sikujua itatoka."

"Kwa hiyo ingebaki kwa watu sita ingekuwa sawa?"

"Sijasema hivyo."

"Uliliona likiwa chini kwenye nyasi. Sylvanus alikuuliza. Rangi ilikuwa mbichi, Baba Beverlyne. Ungesema neno moja tu, akafuta kwa kitambaa. Ulikuja ndani ukaniambia limependeza."

Hapo Lusweti aliinua kichwa, na hasira yake mwenyewe ikatoka. "Na ningesema, ungefanya nini? Uliniambia mwenyewe, kwenye nyumba hii, nisikusahihishe tena maisha yangu yote. Nimeishi hivyo. Naona unaandika makosa nanyamaza. Unamwandikia mwalimu wa Beverlyne, nanyamaza. Ulitaka nifanye nini? Nikisema ni kosa, nikinyamaza ni kosa."

Maneno haya yalimfika. Aliacha kukata mboga. Kwa muda alionekana kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. Kisha alikiona.

"Nilikuambia usinisahihishe," alisema. "Sikukuambia unicheke."

Lusweti alitazama viatu vyake.

"Hivyo ni vitu viwili. Wewe ndiye mwalimu wa kutofautisha vitu vinavyofanana, tofautisha hivyo. Ungenyamaza kwa kuniheshimu, ningekuelewa. Ningekasirika siku nikijua, halafu ningekuelewa. Lakini ulinyamaza ili liende juu. Ukangoja lipande, ukangoja niiname, ukapiga picha. Na wewe unajua vile inauma. Wale wengine hawajui, wamezaliwa wakicheka. Wewe unajua. Ulijifungia chooni na kioo."

"Basi," alisema Lusweti.

"Si basi. Mama yangu alikufa ukaniandikia kinyota."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, bila kulia, na ndipo Lusweti akasimama kutoka kwenye ngazi. Alitembea hadi kwenye uzio wa ua, akashika nguzo, akasimama pale mgongo ukiwa umemgeukia. Zipporah alimwacha. Akaosha mboga, akawasha jiko, akapika. Walikula, na baadaye yeye alilala kwenye chumba cha Beverlyne, aliyekuwa shule ya bweni, mlango ameufunga kwa ndani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa wote wawili, kila mmoja upande wake. Shuleni jina lilitoka kwenye chumba cha walimu likafika madarasani, na hakuna aliyejua limepitia wapi. Wavulana wa kidato cha tatu walilichora ubaoni, mdudu mwenye miguu mingi amevaa tai. Lusweti alimwambia Zipporah jambo hilo akiwa amesimama mlangoni na mkoba wake, bila kumlaumu, kama anayetoa habari ya hali ya hewa. Alisema aliufuta ubao mwenyewe akaendelea na somo.

"Na Khisa?" aliuliza Zipporah.

"Khisa anacheka."

"Mpumbavu yule," alisema Zipporah, na alishangaa alivyolisema kwa uchungu. Alikuwa tayari kwenda tena kule shuleni, safari hii kwa ajili ya Lusweti, na alikasirika zaidi alipojikuta hivyo, maana alikuwa hajamaliza kumkasirikia yeye.

Jioni ya siku ile ile Lusweti alimletea simu. Alikuwa ameandika maneno ya kuomba radhi ayatume kwenye kundi, aya nzima ya Kiingereza safi, yenye koma kila mahali panapostahili. Zipporah alisoma mstari wa kwanza na wa pili.

"Hii umewaandikia wao," alisema. "Wataona jinsi unavyojua kuomba radhi. Iandike kwa lugha ninayoitumia nikikasirika."

"Wenzangu wote wanasoma Kiingereza."

"Na Kiswahili wote wanakijua. Andika."

Alikaa mezani muda mrefu. Yeye aliyekuwa anaandika barua za mkuu wa shule na hotuba za mahafali alifuta, akaandika, akafuta. Mwishowe alimsomea. Alisema alimpiga mke wake picha bila yeye kujua, ili acheke na wenzake. Alisema aliliona kosa kabla bango halijapandishwa, akaliacha makusudi. Alisema anaomba kila aliye na picha hiyo aifute, na kwamba jina wanalomwita sasa ni la kweli, na hawezi kumlaumu mtu kwa kulitoa.

"Hapo mwisho ondoa," alisema Zipporah.

"Kwa nini?"

"Hapo unanihurumia. Sitaki. Nimeshakuomba radhi kwa langu, liko kati yangu na wewe."

Akaondoa. Akatuma. Moraa alijibu kwanza, kisha wengine wawili watatu. Khisa hakujibu, wala hakurudia lile jina mbele ya Lusweti, ingawa nyuma yake pengine alilirudia. Picha haikuisha. Kila baada ya muda mwanafunzi mgeni alisimama nje ya duka na simu, akatazama juu, akaona E mahali ambapo alitarajia A, akaondoka amepungukiwa.

Sylvanus alikuwa amefanya kazi nzuri. Ila rangi nyeupe aliyofunikia ilikuwa mpya kuliko ya zamani, na ukisimama upande wa jua uliweza kuona mraba mdogo unaong'aa kuizunguka herufi hiyo moja. Alijitolea kuandika bango zima upya bila malipo. Zipporah alikataa.

Alirudi kulala chumbani kwake wakati wa mvua, Beverlyne alipofunga shule na kukitaka kitanda chake. Hakukuwa na mazungumzo juu ya hilo. Lusweti alisogea upande wa ukutani, akamwachia nafasi.

Lusweti alianza kupita dukani baada ya kazi. Mwanzoni alisimama nje tu. Baadaye aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, akasoma gazeti au akasahihisha mitihani, na wateja walipozidi aliinuka akabeba rimu za karatasi kutoka stoo bila kuambiwa. Zipporah alimwacha akae. Hakumkaribisha na hakumfukuza.

Alasiri moja alitaka kuandika tangazo la kubandika mlangoni, kwamba duka linafungwa saa ya chakula. Wateja walikuwa wakilalamika wanapokuta kufuli. Alichukua karatasi na kalamu nene, akaandika maneno mawili, akasimama. Jepkemboi alikuwa kwenye kaunta akipanga kopi zake.

"Binti yangu," Zipporah alimwuliza, "'break' ya kupumzika inaandikwaje? Maana iko nyingine ya gari."

Jepkemboi alifikiri. "Nadhani inaishia kwa A-K-E, mama. Ama hiyo ndiyo ya gari? Ngoja." Akatoa simu yake, lakini ilikuwa imeisha chaji. "Zinatamkwa sawa hizo. Nafikiri ni A-K-E."

Kwenye kiti cha plastiki gazeti lilitulia. Lusweti alikuwa ameacha kusoma. Zipporah hakugeuka, lakini alimwona kwenye kioo cha kabati la kalamu. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, na vidole vyake vilikuwa vimelikunja gazeti pembeni. Alimwacha akae hivyo. Alimwacha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Jepkemboi akaanza kutazama huku na huku.

"Mwalimu," alisema Zipporah. "Umesikia swali."

"Nimesikia."

"Basi sema."

"E-A-K," alisema Lusweti. Hakuongeza kitu. Hakueleza kanuni, wala hakutoa mfano, wala hakutabasamu. "Hiyo ya A-K-E ndiyo ya gari."

Zipporah aliandika taratibu, herufi kubwa, akipigia mstari chini. Hakumshukuru. Alichukua gundi, akatoka nje, akabandika karatasi mlangoni, akaikandamiza pembe zote nne kwa kiganja. Aliporudi ndani kulikuwa na mteja mwingine akingoja kopi, na karatasi kwenye mashine ilikuwa imeisha, na Lusweti alikuwa ameshainuka kwenda kuleta nyingine.